LIPU HAIPONYI UKUTA!

Ndugu kijana wa Unyambwa, mtu akinunua nyumba iliyokwisha jengwa, nje huiona inang'aa. Lakini siku fundi anabandua lipu ya jikoni ili apanue, siri inatoka. Tofali zimeungwa kwa udongo mtupu, juu ya mlango hakuna lenta, na kwenye mbao mchwa wamejaa tele! Aliyejenga alifunika, akauza, akaenda zake.

Utamlaumu? Una haki. Lakini sikia: ukuta haumwangukii aliyeuza, unamwangukia anayepika ndani.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam. Kwenye kifusi walikuwemo watu waliokuja kuuza na kununua tu. Hawakulijenga wao!

Na wewe je? Labda pombe uliikuta nyumbani. Labda bangi na uasherati ulifundishwa na marafiki. Kweli, hukuanza wewe. Lakini anayeishi humo leo ni nani? Ni wewe! Umepiga lipu: nguo safi, kicheko kingi. Ndani mchwa wanakula.

Soma Ezekieli 13. Ukuta mbovu ulipakwa chokaa. Mvua inakuja, unaanguka, msingi unabaki wazi.

Rafiki, Yesu hapaki chokaa. Anabomoa mpaka chini, anajenga upya. Inauma, ndiyo! Kuacha dhambi uliyoizoea si mchezo. Lakini utalala usingizi.

Mfungulie mlango leo, hapo hapo uliposimama. Mvua haipigi hodi!