Mpangaji, Kudra na Haki ya Jirani

Uamuzi wa mtu anayetafuta chumba cha kupanga mjini, mahali penye usalama na palipo karibu na kazi, kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni jambo la mfuko na miguu, yaani kodi ni kiasi gani na safari ni ya muda gani. Lakini ndani yake mna swali ambalo wanazuoni wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi, nalo ni iwapo mwanadamu ana haki ya kuikwepa hatari ambayo wenzake wanaendelea kuishi nayo, na iwapo anayo, haki hiyo inakomea wapi. Kwa karani, muuguzi au mlinzi anayefanya kazi katikati ya Dar es Salaam, jibu la swali hilo ndilo linaloamua atarudi nyumbani saa ngapi, kwa njia ipi, na watoto wake watacheza na nani.

Jiji lenyewe halimpi mtafutaji uwanja ulio sawa. Chini ya utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika maeneo ambayo watu waliyaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na mitaa ya Wahindi, kwa hoja kwamba afya ya mji ilihitaji utengano huo. Sheria za ubaguzi zilikwisha, ila ramani yake ilibaki ndani ya kodi: huko Masaki na Oysterbay nyumba hukaa nyuma ya kuta na walinzi wa kulipwa, ilhali mwenye mshahara wa kawaida huchagua kati ya mitaa ya karibu iliyosongamana, kama Magomeni na Ilala, na vitongoji vya mbali kama Mbagala, Gongo la Mboto na Mbezi. Na kwa kuwa imezoeleka kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na ujira wa dalali ambao mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, aliyekosea kuchagua hawezi kujirekebisha mwezi unaofuata. Amefungwa na fedha yake mwenyewe.

Hoja ya kwanza inayotolewa dhidi ya kuchagua sana ni ya kudra, yaani imani kwamba lililoandikwa na Mungu litampata mja popote alipo, hivyo anayeuacha mtaa mmoja kwa kuogopa vibaka hana alichokikimbia. Hoja hii ilikwisha kujibiwa katika karne ya kwanza ya Uislamu. Karibu na mwaka 639, Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa safarini kuelekea Sham, yaani nchi za Siria, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kwamba huko kumeingia tauni. Alitaka ushauri wa Muhajirina, yaani Waislamu waliohama Makka, kisha wa Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, kisha wa wazee wa Kikuraishi, na baada ya kusikia maoni yaliyopingana akaamua kurudi. Abu Ubaida bin al-Jarrah, kamanda wake huko Sham, alimuuliza iwapo anaikimbia kudra ya Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kudra kwenda katika kudra, akatoa mfano wa mchungaji wa ngamia anayeteremka bondeni akakuta upande mmoja una malisho na mwingine umekauka, ambaye kokote atakakolisha atakuwa amelisha kwa kudra ileile. Kwa hiyo akili inayopima na miguu inayoondoka zimo pia katika yaliyokadiriwa, na tawakali, ambayo ni kumtegemea Mungu baada ya mtu kutimiza wajibu wake wa tahadhari, haiwezi kuwa jina la heshima la uzembe. Muuguzi anayemaliza zamu usiku, akauliza kama kituo cha daladala kina taa na kama kuna watu njiani kutoka hapo hadi nyumbani, hajapungukiwa na imani hata kidogo.

Hata hivyo kisa hakiishii hapo, na sehemu yake ya pili ndiyo inayosahaulika. Sahaba Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo wakati wa mashauriano, alikuja akasimulia kwamba Mtume alikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na akamkataza vilevile aliyekwisha kuwa ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Abu Ubaida alibaki na watu wake huko Sham, na tauni hiyo ikamuua. Ni kweli kwamba tauni si wizi, na kiyasi, yaani kulihukumu jambo jipya kwa mfano wa jambo lenye hukumu, hakipaswi kuvutwa kupita urefu wake, kwa sababu anayekimbia maradhi huweza kuyabeba, ilhali anayekimbia vibaka hawabebi. Lakini tofauti kati ya aliye nje na aliye ndani inabaki na uzito mkubwa. Aliye nje hajamkosea mtu kwa kusita mlangoni. Aliyekwisha kuingia, ambaye mtoto wake ameangaliwa na mama wa chumba cha pili na mgonjwa wake amebebwa na vijana wa mtaa usiku wa manane, anapofungasha vitu vyake anaacha pengo, na anayebaki analiona.

Pana mpaka wa wajibu huo wa kubaki, na Qurani imeuonyesha. Aya ya 97 ya sura ya An-Nisaa inawasimulia watu wanaojitetea kwamba walionewa katika nchi yao, nao wanaulizwa na malaika iwapo ardhi ya Mungu haikuwa na nafasi ya kuhamia. Na aya inayofuata inawatoa katika lawama wanyonge, wanaume kwa wanawake na watoto, wasio na uwezo wala njia. Anayeweza kuiondoa familia yake katika madhara ya kweli asizuiwe kwa maneno ya ujirani. Asiye na uwezo asilaumiwe kwa kubaki. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipolikumba bonde la Msimbazi, baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali upande wa kaskazini, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu huko juu palikuwa pakavu lakini riziki ilibaki mjini. Kuwaita watu hao wakaidi ni kutoielewa aya wala nauli.

Hapo ndipo inapolazimu kuuliza usalama wenyewe ni kitu gani, maana madalali huusifu kana kwamba ni bomba la maji lililokwisha kufungwa nyumbani. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kinaeleza jinsi Abramu alivyomwachia Lutu achague kwanza, na Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji tele, akalichagua. Simulizi halimtaji kuuliza habari za watu wa Sodoma, mji wa bonde hilo. Alipima ardhi, hakupima majirani. Mpangaji anayekagua vigae, mita ya umeme na kitasa, kisha akaondoka bila kumsalimu mama anayekaanga mihogo mlangoni, anachagua kwa macho yaleyale. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma na baraza mbele, mara nyingi hukaliwa na kaya moja katika kila chumba. Faragha ni ndogo na ugomvi wa zamu ya kufagia ni mwingi, lakini mgeni havuki ukumbi bila kuulizwa anamtafuta nani. Barabara iliyozungukwa na kuta ndefu pande zote mbili haina wa kuuliza, wala wa kusikia yowe la mpita njia. Hadithi mashuhuri ya Mtume inamnyima jina la muumini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake, na kwa hukumu hiyo usalama unakuwa deni: kila anayeingia mtaani anadaiwa kabla hajadai.

Deni hilo hulipwa kwa mambo madogo yenye kuchosha. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliohamishiwa Babeli wajenge, wapande, na wautafutie amani mji ambao haukuwa wao. Na wapangaji wengi wa Dar es Salaam, ambao kwao ni Kigoma, Mtwara au Kilimanjaro, nao huuhesabu mji kuwa ni njia tu. Kujitambulisha kwa serikali ya mtaa na kuchangia ulinzi shirikishi, yaani doria ya usiku inayoendeshwa na wakazi wenyewe, ni sehemu ya kuutafutia mji amani. Ila doria inayomshika kijana asiye na kazi na kumpiga kabla hajaulizwa jina imeivunja amani iliyotumwa kuilinda, na hakuna hofu ya wizi inayohalalisha damu ya mtuhumiwa.

Haki zote hizi zinahitaji muda, na kwa sababu hiyo ukaribu na kazi hauwezi kuachwa kuwa suala la starehe. Anayeondoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku hamjui jirani aliyefiwa wala mtoto aliyeacha shule, hata akiwa na moyo mwema kuliko wote mtaani. Foleni imemnyang'anya ujirani wake. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalikusudiwa kurudisha sehemu ya muda huo, lakini mzigo uliobaki hauwezi kubebwa na mpangaji mmoja mmoja. Unawahusu waajiri, wataalamu wa mipango miji na serikali. Huko Magomeni Kota, ambako wakazi wa nyumba za zamani waliondolewa wakasubiri kwa miaka mingi, majengo mapya ya ghorofa yalizinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo, na majirani wa zamani wakapata kurudi pamoja karibu na katikati ya jiji. Wapangaji wa vyumba vya uani katika mitaa inayoizunguka hawamo katika hesabu ya kaya hizo, na umbali wao na kazi bado unaamuliwa kila kodi inapopanda.