Kinga na Nguvu ya Mtu

Kuwepo ni kuwa na nguvu: ndivyo Padre Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alivyoeleza fikra za Waluba katika kitabu chake cha falsafa ya Kibantu, kilichotoka kwa Kifaransa Elisabethville mwaka 1945. Vitu, aliandika, viko chini ya mtu ili vimwongezee uhai.

Je, baiskeli ya kwanza ya mbio, au kinga kama wasemavyo Katanga, humwongezea nini mnunuzi wa Kamina mwenye fedha za wastani? Fremu ya kaboni ikipasuka, mchomeleaji hana la kufanya. Ya chuma huungwa. Tairi la milimita 25 huzama mchangani, la 35 hupita.

Fremu isiyolingana na kimo (wauzaji hulinyamazia hilo!) humtumikisha mwenyewe: mgongo na magoti ndivyo vinavyolipa.