Mtungi wa Subukia

Mama alirudi kutoka Subukia akiwa amepakata mtungi wa lita 5. Njia nzima, kutoka Nakuru hadi Kitengela, alikataa katakata uwekwe kwenye buti la basi. Ilikuwa Oktoba 2022, mwezi ambao Wakatoliki wa Kenya hukusanyika kwenye Kijiji cha Bikira Maria, huko Subukia, kwa maombi ya kitaifa. Kule mlimani kuna chemchemi, na ni nadra kumwona hujaji akirudi mikono mitupu.

Kwetu maji hununuliwa. Ya kisima yana chumvi, hata kwenye chai utaisikia. Haya ya Subukia yaliwekwa juu ya kabati, kando ya rozari, na hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Swali lilianza kunisumbua. Tangu katekisimu nimefundishwa kwamba Mungu yuko kila mahali. Kama ni hivyo, nauli ya Subukia ni ya nini? Kwa nini watu watoke Kenya kwa miguu hadi Namugongo, Uganda, mahali alipochomwa shahidi Karoli Lwanga na wenzake tarehe 3 Juni 1886? Yesu mwenyewe, kando ya kisima cha Yakobo, alimweleza mwanamke Msamaria kwamba saa inakuja ambapo ibada haitafungwa na mlima wala na Yerusalemu. Hata hivyo Wamaasai wa Kajiado, kabla kanisa halijajengwa, walikusanyika chini ya mti wa oreteti kumwomba Enkai, ilhali walijua fika kwamba mvua yake hunyesha mbuga nzima. Mbona mti huo?

Nimepata mwanga kwa Daudi. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa wake watatu wakapenya katikati ya Wafilisti wakamchotea. Yalipofika akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya waliohatarisha maisha yao. Kisima kilikuwa kilekile alichokijua tangu utotoni. Kilichozidi ni safari. Basi nadhani mahali huwa patakatifu kwa yale ambayo watu wamekubali kuyatoa ili wafike pale: nyayo zilizochubuka, magoti ya mababu, uhai wenyewe. Mungu hakuongezeka pale. Sisi ndio tuliojitoa zaidi.

Ningeishia hapo kama si yule kijana.

Mvua ilikuwa imekosekana misimu minne mfululizo, na wafugaji walikuwa wakipita na ng'ombe waliobaki mbavu, wakitafuta nyasi upande wa Nairobi. Mmoja alisimama getini, vumbi limemganda hadi kwenye kope. "Yeyo, naomba maji," akamwambia mama.

Tangi letu lilikuwa kavu, na hiyo ilikuwa siku ya pili lori la maji halijafika. Mama aliingia ndani, akautoa mtungi juu ya kabati. Kijana alikunywa kikombe kimoja bila kupumua. Cha pili alikunywa nusu, kisha akachuchumaa, akamimina yaliyobaki kwenye kiganja chake, na ndama aliyekuwa akiyumba kando yake akakilamba kiganja kile mpaka kikakauka.

"Mama, hayo ni ya Subukia!" nilisema.

"Sasa unafikiri nilimbebea nani?"

Nimeyatafakari maneno yake muda mrefu. Daudi aliyaachilia maji yake, mama akayaachilia yake. Niliyeona uchungu ni mimi, ambaye sikupanda mlima ule hata hatua moja. Nilikuwa nimejifanya mlinzi wa kitu nisichokigharamia, na kwa miaka mingi nimeiita hali hiyo imani. Leo siwezi kuiita hivyo tena.

Oktoba iliyofuata tulikwenda Subukia sote wawili, kila mtu na mtungi wake.