Chini ya Mretemu Kuna Mkate

Mpendwa uliyechoka, nakuandikia wewe ambaye hujaomba siku nyingi. Hujaacha kusadiki kwamba Mungu yupo. Kilichokufa moyoni mwako ni tumaini kwamba anakutazama. Jumuiyani huonekani tena. Simu ya mzee wa kanisa unaiacha iite mpaka ikatike, maana hujui utamwambia nini. Marejesho ya mkopo hayasubiri, ndoa imeyumba, mtoto haponi, na zile dua ulizozililia kwenye mkesha hazijaleta ulichoomba. Na wengine wenu mmetangatanga mbali zaidi ya hapo: kwenye pombe, kwenye nyumba isiyo yenu, kwa mganga. Sijaja na fimbo. Twendeni Beer-sheba.

Beer-sheba ni mji wa kusini mwa nchi ya Yuda, mlangoni mwa jangwa la Negebu. Mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, na katika magofu ya mji wa kale kipo kisima kilichochimbwa karibu mita 70 kwenda chini. Watu wa hapo waliyajua maji kwa jasho. Ukiuacha mji huo ukashika njia ya kusini, unayapa maji kisogo. Na ni huko hasa, penye ukame huo, Maandiko yanatuonyesha Mungu akiwafuata watu.

Alitangulia Hajiri, mjakazi Mmisri. Alfajiri moja alipewa mkate na kiriba cha maji, akatolewa nyumbani yeye na mwanawe. Akapotea jangwani. Maji yakaisha. Akamlaza Ishmaeli chini ya kichaka, kisha akaenda kukaa mbali, kadiri ya mtupo wa mshale, asimwone anavyokufa. Mama aliyewahi kutoka wodini na kusimama koridoni kwa sababu macho yamekataa kuona, anaujua umbali huo. Hajiri hakuwa na kuhani wala madhabahu, wala sadaka ya kutanguliza. Alikuwa na kilio tu. Na Mungu akasikia! Akamwita kwa jina lake, yeye ambaye kwa mabwana zake alikuwa mjakazi yule. Akamfumbua macho, akaona kisima.

Karne nyingi zikapita, akaja Eliya katika jangwa lile lile. Huyu si mtu mdogo. Ndiye aliyesimama peke yake mlimani Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, moto ukashuka, kisha mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu. Lakini malkia Yezebeli alipomtumia mjumbe wa kumtishia kifo, ujasiri wote ukamwishia. Akakimbia kutoka Yezreeli mpaka Beer-sheba, mwendo unaozidi kilometa 140. Hapo akamwacha mtumishi wake, akajitosa jangwani mwendo wa siku nzima, peke yake. Usilipite hilo la mtumishi. Mtu akielemewa, kwanza huwaacha wanaompenda.

Akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu aitwae roho yake, akalala.

Mretemu ni kichaka cha jangwani, matawi membamba, kivuli haba. Sifa yake kubwa ni makaa. Hata Zaburi ya 120 inayataja. Basi nabii akaguswa na malaika, akaamka, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika hakumkemea kwa kulala tena! Akarudi mara ya pili, akamgusa, akamlisha, akamwambia kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake.

Tazama utaratibu wa Mungu, ndugu yangu. Usingizi, mkate, maji. Tena usingizi, tena mkate. Ndipo zikafuata siku 40 za kwenda Horebu, mlima wa Mungu, na ni huko pangoni tu Mungu alipomuuliza anafanya nini pale. Swali lilikuja, ila lilimkuta mtu aliyeshiba. Inaniuma ninapoona utaratibu huo ukigeuzwa madhabahuni, mtu amelala chini ya mretemu wake na tunamwendea na swali kwanza: una dhambi gani iliyofichika, imani yako imekwenda wapi, mbona hujatoa? Huo si mwendo wa Mungu wa Eliya.

Na wewe unayetamani kufa usiku huu, nisikie. Eliya aliomba hivyo hivyo, na Mungu kwa upendo akamnyima. Wewe usibaki peke yako. Mwite mtu sasa hivi, mwambie wazi yaliyo moyoni, aje akae nawe.

Najua utaniambia: Hajiri alionewa, na Eliya alikuwa mtumishi mwaminifu, mimi nimejiharibia mwenyewe. Basi mwangalie Yakobo. Naye alitokea Beer-sheba, na alitoka kwa aibu. Alikuwa amevaa ngozi za mbuzi mikononi, akamdanganya baba yake kipofu, akachukua baraka ya ndugu yake. Sasa anakimbia, jua limemchwea njiani, kichwa chake kiko juu ya jiwe. Nani alistahili karipio kuliko huyu? Usiku ule Mungu alimwahidi kwamba yu pamoja naye, atamlinda kila aendako na kumrudisha. Yakobo alikuwa hajatubu hata neno moja. Hiyo ndiyo neema! Haikumfutia mavuno ya alichopanda, maana kule Harani mjomba wake Labani naye alimdanganya, akatumika miaka 20. Lakini miaka yote hiyo Mungu hakumwacha. Alipokuwa mzee, akiogopa kushuka Misri, alisimama tena Beer-sheba, na usiku Mungu akamwambia kwamba atashuka pamoja naye.

Kwa hiyo usingoje kutengenea ndipo urudi. Omba hapo ulipo, kama ni kitandani, kama ni kituo cha daladala, kama ni mlangoni pa baa. Ukikosa maneno, lia, Hajiri alilia. Kula ulicho nacho, lala, amka uombe tena. Nguvu zikirudi, swali litakuja, nawe ulijibu kwa kweli, uache lile linalopasa kuachwa. Eliya alidhani amebaki peke yake, akaambiwa wapo watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Kisha akatumwa kurudi kwa njia ile ile ya jangwani, akamkuta Elisha shambani nyuma ya ng'ombe wake, akilima. Kazi yake ilikuwa bado inamngoja, na rafiki pia.

Nanyi wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, akina mama wa maombi: kila mmoja wenu anamjua mtu ambaye kiti chake kiko wazi. Nendeni kwake wiki hii. Chukueni unga, mchele, sukari, hata kama ni kidogo. Mfagilieni ua, mchemshieni chai, mkae naye. Swali liacheni lisubiri.