Figo Haziumi

Kisukari kinapoanza kuzila figo, hazikuumi hata kidogo, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mtu anakwenda kliniki, anapimwa sukari na presha, anarudi nyumbani ameridhika, kumbe vichujio vya figo vimeshaanza kupitisha albumini, protini inayopaswa kubaki kwenye damu. Mkojo wenye povu na miguu kuvimba huja baadaye sana.

Kile kijiti cha maabara kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi mara nyingi hakioni albumini ikiwa bado ni kidogo. Omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini (taka itokanayo na misuli) kwenye mkojo. Chini ya miligramu 30 kwa gramu, ni sawa. Kati ya 30 na 300, figo zimeanza kuvuja, ila bado zinaweza kutetewa: kwa kudhibiti sukari, na kwa dawa za presha kama enalaprili au losartani. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe tangu anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza miaka 5 baada ya kugundulika.

Jibu moja baya lisikutie kiwewe. Homa, U.T.I., hedhi, hata mbio za jana jioni huweza kulipandisha, ndiyo maana daktari mzuri hurudia kipimo. Kweli, si kila zahanati inacho, na bei nayo ina maneno yake. Ukipewa kikopo cha mkojo, uliza kama unaweza kwenda nacho nyumbani, kwa sababu mkojo wa kwanza wa alfajiri ndio unaoaminika zaidi.