Siku za Mtoto ni Amana Mkononi mwa Walii Wake

 

Suala lililotupasa kuandika kurasa hizi ni hili: mzazi aliyemwandikisha mwanawe shule, akamshonea sare na kumnunulia madaftari, kisha akawa ampeleka siku tatu katika juma na siku mbili amtuma shambani, je, huyo amekwisha kumtolea mwanawe haki yake, au deni lingali shingoni mwake? Wengi katika watu wa milima yetu hii ya Uluguru, na wa mji wa Morogoro pia, hudhani kwamba amekwisha kuitoa. Wala hawadhani hivyo kwa ubaya wa moyo, kwani wanawapenda watoto wao kama wapendavyo watu wote.

Asili ya dhana hii, kwa nionavyo mimi, ni chuo cha Qur'ani. Sisi tuliosoma kwa ubao twaijua desturi yake. Chuoni kila mtoto ana darasa lake peke yake: huyu yumo katika alifu na be, yule katika juzuu ya Amma, na mwingine amefika Yasini, nao wote wameketi mkeka mmoja, kila mmoja akisoma lake kwa sauti. Mtoto akichukuliwa na mama yake kwenda msibani Matombo, akakaa huko majuma mawili, siku atakayorudi mwalimu atamwuliza alipoishia, naye atafungua pale pale. Darasa lake lilikuwa likimngoja. Basi baba aliyelelewa katika desturi hii huona kutokwenda kwa mtoto ni kukawia tu, wala si hasara.

Lakini shule haikujengwa hivyo. Watoto wa darasa moja, ambao huweza kufika sitini au themanini, hufundishwa somo moja kwa saa moja, na mwalimu hana njia ya kumrudia kila mmoja. Juma la kufundisha sehemu likipita, limepita. Baadaye huja desimali na asilimia, nazo zimejengwa juu ya sehemu. Mtoto aliyekuwa shambani akiamia ndege juma lile huja akautazama ubao asielewe kitu. Hali yake yafanana na ya masbuki aliyemkuta imamu katika rakaa ya tatu, walakini masbuki ana nafuu: imamu akitoa salamu, yeye husimama akatimiza zilizompita. Mtoto wa shule hana salamu ya kungojea. Akiulizwa hajui, wenzake humcheka, akaona haya. Na haya za mtoto ni nzito kuliko jembe. Baada ya miezi michache huamka asubuhi akasema tumbo lamwuma. Ndipo baba husema, "Mtoto mwenyewe hataki shule." Ni kweli hataki, lakini na tutazame nani aliyemfundisha kutotaka.

Na hata chuoni si salama kama tudhanivyo. Mtume wetu (s.a.w.) ameifananisha Qur'ani kwa aliyeihifadhi na ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki, akiwaacha huenda zao. Tena ametufundisha kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ni kidogo. Mafundisho hayo hatuyaoni kuwa ni ya sala za usiku peke yake.

Sasa tuitazame sheria. Imamu Nawawi, katika utangulizi wa kitabu chake Al-Majmuu, amepokea kwa Imamu Shafii na wafuasi wake kwamba ni juu ya baba na mama kuwafundisha watoto wadogo yale yatakayowawajibikia baada ya kubaleghe. Na ujira wa mwalimu hutoka katika mali ya mtoto, na asipokuwa na mali, basi kwa yule ambaye nafaka ya mtoto iko juu yake. Mtu akisema: hayo ni ya sala na saumu, hesabu na kuandika zaingiaje? Twamjibu kwamba Imamu Ghazali ameitaja hesabu, pamoja na utabibu, katika elimu za fardhi kifaya, na mirathi na zaka hazigawiki kwa asiyejua kuhesabu. Tena katika mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wa Badri waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, nao walikuwa washirikina! Yaliyofundishwa pale yalikuwa khati, si dini.

Nami nakisia jambo hili na mali ya yatima. Kila mtu ajua kwamba walii haruhusiwi kuitumia mali ya yatima ila kwa maslaha ya yatima mwenyewe. Shilingi moja akiitoa kwa raha yake, ni dhalimu. Basi mtoto wa miaka minane ana mali gani? Hana shamba wala duka. Ana siku zake, na siku za umri ule ndizo rasilimali yake yote, wala hazirudi. Baba amtoaye shule siku ya gulio ili ambebee ndizi au mananasi kutoka Kinole ametumia mali ambayo si yake. Na kwa kuwa haionekani kwa macho wala haihesabiki mbele ya kadhi, hakuna amwulizaye. Ataulizwa na Asiyesahau.

Najua jibu la fukara, nalo si jibu la kudharauliwa. Husema: mvua za masika hazingoji, ngedere hawangoji, na mtoto asiyekula hasomi. Sheria haikumsahau mtu huyu. Walii fukara ameruhusiwa na Qur'ani kula katika mali ya yatima kwa wema, yaani kwa kadiri. Basi na mzazi fukara achukue katika nguvu za mwanawe kwa kadiri: jioni baada ya shule, siku ya Jumamosi, na wakati wa likizo. Lakini wengi wetu hatutoki katika njaa tunapomzuia mtoto. Twatoka katika wepesi. Kumtuma mtoto ni rahisi kuliko kuondoka mwenyewe. Imamu wetu Shafii, aliyezaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, alikuwa yatima, na mama yake hakuwa na cha kumpa mwalimu. Hakumtoa chuoni, mwalimu aliridhika kijana awasimamie wenzake pindi yeye anapoondoka. Na sisi leo hatuombwi hata hicho, maana ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na tangu mwaka 2016 imefutwa mpaka kidato cha nne.

Jambo jingine ni la kwetu khasa. Mluguru ni mtu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ugomvi wangu ni pale mtoto anapoacha kwenda shule, baba akasema, "Huyu ni wa wajomba zake," na mjomba akasema, "Anakaa kwa baba yake." Kila mmoja humsukumia mwenzake, na mtoto yuko mtoni avua samaki. Katika sheria yetu wajibu uko juu ya baba na mama kwanza. Mjomba akisaidia amepata thawabu, na asiposaidia baba hakusalimika. Sheria ya nchi nayo, ile ya Elimu ya mwaka 1978, haikutaka mtoto aandikishwe tu: imemtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto anahudhuria mpaka amalize. Tena kuna binti avunjaye ungo. Bibi zetu walikuwa wakimweka mwali ndani kwa miezi, na zamani hata zaidi. Ya kumfundisha tohara na heshima ni mema na ya lazima, lakini hayahitaji muhula mzima. Likizo moja yatosha.

Wazee waliozikimbia shule zamani kwa kuogopa watoto wao wasibatizwe katika shule za misheni hatuwacheki. Hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini serikali ilikwisha kuzitwaa shule nyingi za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, na anayeitumia hofu ile leo aitumia kwa kufunika uvivu.

Limebaki la njia. Katika miezi ya Machi mpaka Mei mvua hunyesha upande wa mashariki wa milima hata vijito vikawa mito, na mtoto wa darasa la pili hawezi kuvuka. Hapa udhuru ni sahihi. Mafakihi wetu wamehesabu mvua na tope katika nyudhuru za kuacha jamaa na Ijumaa. Ila tufahamu kwamba udhuru humwondolea mtu dhambi, haumpi mtoto somo lililompita. Aliyekosa kwa mvua na aliyekosa kwa uvivu huketi darasani wakiwa sawa katika kutojua. Kwa hiyo kijiji kinachojua kwamba mto hujaa kila mwaka hakiwezi kusema kila mwaka kwamba ni kadari. Magogo mawili yaliyofungwa vizuri ni daraja, na penye watoto wengi walio mbali watu hujenga shule shikizi kwa nguvu zao, wadogo wasomee karibu mpaka wakomae miguu. Kazi hiyo ni fardhi kifaya juu ya wote wakaao bonde lile: wakiifanya baadhi yao, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi, hata asiye na mtoto.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.