Achezeshe Midomo Tu

Siku chache kabla ya Misa ya Komunyo ya Kwanza, au askofu anapotarajiwa kuja kutoa Kipaimara, mwalimu wa muziki katika shule ya msingi ya Kikatoliki huweza kujikuta na kazi moja asiyoipenda. Anapita kati ya mistari ya watoto wanaoimba, sikio kalitega, akitafuta sauti inayokwenda kombo. Akiipata anainama, anamgusa mtoto bega na kunong'ona: mwanangu, wewe chezesha midomo tu. Hasemi kwa ukali, na pengine anatabasamu. Mtoto anatii. Siku ikifika kwaya inasikika safi, wazazi wanarekodi kwa simu, sista mkuu wa shule anampongeza mwalimu.

Ndani ya mnong'ono huo kuna swali ambalo shule hizi haziwezi kulikwepa. Uzuri ni wa nani, na je, kuna uzuri unaostahili kununuliwa kwa kumnyamazisha mtu?

Timu ya mpira huchagua wachezaji kumi na mmoja na wengine wakakaa pembeni, wala hakuna aliyedhulumiwa, kwa kuwa mpira una wachezaji na una watazamaji. Misa haikukusudiwa kuwa na watazamaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu liturujia, uliwataka waamini wote washiriki kwa utendaji, ukiyataja majibu na nyimbo kwa jina. Wimbo pale ni sala yenyewe. Basi mtoto anayechezesha midomo bila sauti amefundishwa jambo la ajabu: kuigiza sala mbele ya altare. Na waliomfundisha ni walewale wanaomfundisha katekisimu.

Tumpe mwalimu nafasi yake kwanza, maana hoja yake ni ya kale na ina uzito. Torati iliagiza mnyama wa sadaka asiwe na kilema, na nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na viguru. Kinachotolewa kwa Mungu kiwe bora. Ndiyo maana kalisi hung'arishwa na vitambaa vya altare hufuliwa na kupigwa pasi. Kwa nini basi sauti iachwe na mawaa? Mwalimu anayemnyamazisha mtoto mmoja anaamini anailinda sadaka ya watoto mia. Nia hiyo naiheshimu. Kosa liko katika kufikiri, na kosa hilo lina historia.

Historia yenyewe ilifika mahali pa kutisha. Wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya za makanisa ya Roma, kwa hiyo sauti za juu ziliwahitaji watoto wa kiume, na watoto wa kiume hubalehe. Katika karne ya 16 Italia ikapata jibu lake: wavulana waliohasiwa kabla ya kubalehe, wakakua wakiwa na kifua cha mtu mzima na koo la mtoto. Mwaka 1589 Papa Sixtus V aliwapa nafasi rasmi katika kwaya ya Basilika la Mtakatifu Petro. Sheria za Kanisa zilikataza kuhasi, lakini kwaya za Kanisa ziliwapokea waliokwisha kuhasiwa, na wazazi maskini waliuelewa ujumbe. Njia hiyo ilifungwa na Papa Pius X mwaka 1903, katika hati yake kuhusu muziki mtakatifu. Hata hati hiyo, iliyowaita waamini wote warudi kuimba, bado iliwakatalia wanawake nafasi katika kwaya. Alessandro Moreschi, anayehesabiwa kuwa wa mwisho wa waimbaji waliohasiwa, alifariki mwaka 1922 na sauti yake imebaki kwenye rekodi. Waliowasikia waimbaji hao enzi zao walisema hawajapata kusikia uzuri kama ule. Ninaamini walisema kweli, na hapo ndipo penye ugumu.

Kati ya kisu kile na mnong'ono wa mwalimu wa kwaya kuna umbali mkubwa sana, na sitaki mtu yeyote asome kwamba ninavilinganisha kwa ukubwa wa uovu. Ninachosema ni kwamba vyote viwili vimesimama juu ya wazo moja: sadaka ni sauti, na mtoto ni chombo cha kuitolea. Ukilikubali wazo hilo, kinachobaki ni kujadiliana kuhusu kiasi gani cha mtoto kitolewe ili sauti ipatikane.

Nalikataa, kwa sababu haliielezi vizuri hali ya wimbo. Chungu kikishatoka tanuruni hakimhitaji tena mfinyanzi. Anaweza kufa na chungu kikaendelea kupika. Wimbo hauna maisha ya namna hiyo. Uko wakati watu wanapouimba tu, ndani ya pumzi zao, na wakinyamaza haupo popote. Kilichopo kwenye karatasi ni maagizo. Kwa hiyo huwezi kuusafisha wimbo wa darasa la tatu kwa kumwondoa mmoja wa darasa la tatu. Utakachokuwa nacho ni wimbo mwingine, wa watu wachache zaidi, unaojidai kuwa ni wa wote.

Hapa wengi hukimbilia upande wa pili na kusema basi kila mtoto aimbe anavyojua, Mungu huangalia moyo. Siwezi kwenda nao. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anakiri kwamba palipotokea akaguswa na utamu wa sauti kuliko na kilichoimbwa, alijiona ametenda dhambi, akatamani heri asingemsikia mwimbaji. Kisha anakumbuka machozi aliyoyamwaga kwa nyimbo za Kanisa alipokuwa mchanga katika imani, na anaamua nyimbo zibaki. Alibaki na mvutano huo, na sisi hatuna sababu ya kuufuta kwa wepesi. Uzuri humfikisha mtu mahali ambapo hoja hazimfikishi. Mwalimu anayemwacha mtoto aimbe kombo mwaka baada ya mwaka, akisema ni mtoto tu, naye amemdharau, ila kwa upole. Amekwisha kuamua moyoni kwamba huyu hafundishiki.

Na karibu wote wanafundishika. Mtoto wa miaka saba anayesemekana hana sauti mara nyingi amezuiwa na jambo dogo. Huenda mwalimu wake ni mwanamume anayeimba kwa sauti ya kifua, oktava nzima chini ya mahali ambapo sauti ya mtoto huishi. Watoto wengine huruka juu bila hata kufikiri. Huyu mmoja, mtiifu kuliko wote, anajaribu kumfuata mwalimu mpaka kule chini, na anaishia kunguruma. Au mpiga kinanda ameanza kwa ufunguo uliozoeleka kwa akina baba na akina mama wa kwaya ya parokia. Au mtoto hajagundua kwamba anayo sauti nyingine zaidi ya ile ya kuzungumzia: mwambie alie kama king'ora cha gari la wagonjwa, au aite kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde, na ile sauti ya juu inajitokeza, mara nyingi kwa mshangao wake mwenyewe. Au anaisikia nota vizuri zaidi ikiimbwa na mtoto mwenzake kuliko ikipigwa kwenye kinanda.

Kuna njia moja ya walimu wazoefu inayonigusa kuliko zote. Mtoto asiyeweza kuishika nota ya darasa anaambiwa aimbe nota yoyote inayomjia. Darasa zima linaiacha nota yake na kuhamia kwenye nota ya mtoto huyo. Pengine ni mara ya kwanza katika maisha yake anasikia sauti yake ikikutana na nyingine: ule mtikisiko wa nota mbili zinazogombana unatulia, na hawezi tena kusema sauti yake inaishia wapi na ya jirani inaanzia wapi. Akishaionja hali hiyo ataitafuta mwenyewe. Kesho darasa litapanda nusu hatua, naye atapanda nalo. Tazama kilichotokea: mmoja hakulazimishwa kwanza awafikie wengi, wengi walimwendea mmoja, na kutoka hapo wakasafiri pamoja. Mafundisho mengi kuhusu jumuiya ambayo watoto hawa watayasikia hayataeleza jambo hilo kwa ukamilifu kuliko dakika zile.

Usahihi wa sauti, basi, ni tunda la kusikiliza. Hapa Simone Weil anasaidia, yule Myahudi wa Ufaransa aliyelikaribia Kanisa Katoliki na kusita mlangoni. Mwaka 1942 aliandika insha fupi kuhusu masomo ya shule na upendo wa Mungu. Kwake sala imefumwa kwa usikivu, kwa kuielekeza nafsi nzima kwa kitu kisichokuwa nafsi. Na mwanafunzi anayehangaika kwa dhati na swali la jiometri amekua katika uwezo huo hata asipopata jibu. Ichukue fikra hiyo mpaka darasa la muziki. Mtoto mwenye kipaji hupata nota bila jasho. Anaweza kuimba wimbo mzima bila hitilafu huku mawazo yake yako kwenye chakula cha mchana. Mtoto anayehangaika, uso umekunjamana, akimsikiliza jirani yake wa kulia kwa nguvu zake zote, ametoa usikivu mwingi kuliko yeyote katika mstari ule. Kama kinachotolewa madhabahuni ni usikivu, basi mwalimu aliyemgusa bega ameondoa kilichokuwa bora katika sadaka yake.

Kanisa lenyewe lilikuwa na walimu walioliona hili kabla yetu. Miaka elfu moja hivi iliyopita mtawa Guido wa Arezzo, aliyekuwa akiwafundisha wavulana wa kanisa kuu la mji huo, alikerwa na waimbaji waliosoma kwa miaka wakiwa bado hawawezi kuimba hata antifona ndogo bila mtu wa kuwatangulia. Akachukua utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao vifungu vyake vinaanza kila kimoja hatua moja juu ya kilichotangulia, akafanya silabi zake ziwe ngazi: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ikaja kuwa do. Ngazi hiyo ndiyo tunayoiandika d, r, m kwenye karatasi za kwaya zetu, baada ya safari ndefu iliyopitia kwa Waprotestanti wa Uingereza katika karne ya 19. Guido alikuwa anawapa watoto uhuru: mtoto asimame mbele ya wimbo ambao hakuna aliyemwimbia, na aweze kuuanza. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu wa muziki Justine Ward aliandaa mbinu kwa ajili ya shule za msingi za Kikatoliki za Marekani akianza na imani kwamba karibu kila mtoto anaweza kufundishwa kuimba kwa usahihi, na mwaka 1920 maelfu ya watoto wa shule waliimba Misa ya Gregoriani katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York.

Karibu na kwetu kuna Kamina, katika iliyokuwa Katanga, Kongo. Miaka ya 1950 padre mwingine aitwaye Guido, Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya wavulana wapatao 45 wa shule ya hapo, wa miaka tisa hadi kumi na minne, pamoja na walimu wapatao 15, na kutokana na uimbaji wa jadi wa Kongo ikazaliwa Missa Luba. Mwaka 1958 kundi hilo lilizunguka Ulaya likiimba, na miaka kumi baadaye Sanctus yao ilisikika katika filamu ya Uingereza. Naupenda ule mchanganyiko wa walimu na wanafunzi katika kwaya moja, mwalimu akiwa sauti mojawapo. Lakini lile lilikuwa kundi la wachache, na mtu ana haki ya kuniuliza kama ningelivunja. Nisingelivunja. Kwaya teule ya shule, inayokwenda kwenye mashindano au tamasha, ni kitu chema, na wenye kipaji wanastahili mahali pa kukikuza. Ninachodai ni mpaka: Misa ya shule na kipindi cha muziki cha darasa si mahali pa kuchuja.

Kinachowafikisha walimu kwenye mnong'ono, kwa sehemu kubwa, ni haraka. Kipindi cha muziki ndicho cha kwanza kumezwa na mazoezi ya mtihani wa darasa la saba, kisha muziki unakumbukwa barua ya askofu inapofika, zikiwa zimebaki wiki mbili. Katika wiki mbili hakuna awezaye kumpandisha mtoto ngazi. Anaweza kumnyamazisha tu. Mkuu wa shule aliyekifuta kipindi hicho mwezi Februari ameshiriki katika kilichofanyika Juni.

Wanabaki wachache sana ambao ubongo wao kwa kweli hautofautishi nota, na hakuna njia itakayowafikisha. Hao nao waimbe. Mwalimu awaweke katikati ya sauti imara, awape maneno wayatamke kwa mwendo sahihi, asiwaache wakiri kushindwa mbele ya wenzao. Maana Jumapili kanisani, benchi la tatu kutoka mbele, yuko babu ambaye tangu ujana wake hajapata kuishika nota, naye anaimba Baba Yetu kwa sauti kuu, nje ya nota ya wote. Paroko anamsikia, mpiga kinanda anamsikia, kanisa zima linamsikia, na haijamjia mtu akilini kwenda kumgusa bega. Anayemgusa mjukuu wake shuleni siku ya Ijumaa ana wajibu wa kueleza tofauti iko wapi.